Mkono, Bawa na Pezi: Historia ya Elimu ya Kuumbika kwa Viungo, na Majina Yake

Liko swali moja katika elimu ya viumbe ambalo laonekana jepesi mpaka mtu ajaribu kulijibu. Mkono wa mtu na mguu wake vimejengwa kwa vitu vilivyo sawa: mifupa, gegedu, misuli, mishipa na ngozi. Ukichukua kipande kidogo cha msuli wa paja na kingine cha msuli wa mkono, ukavitazama kwa hadubini, ni shida kuvitofautisha. Walakini mkono si mguu, wala gumba si kidole cha mwisho. Basi tofauti haimo katika vitu bali katika mpangilio wa vitu, kama vile silabi mbili zilezile zitupavyo neno "kata" na neno "taka". Je, mpangilio huo watoka wapi? Seli za kiumbe kichanga ambacho bado hakina mkono zajuaje mahali pa kufanya bega na mahali pa kufanya kucha?

Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi historia ya jawabu la swali hilo, tangu katikati ya karne ya 19 hata siku zetu. Sababu ya kuileta habari hii mbele ya wasomaji wanaoshughulika na lugha ni kwamba historia hii ni historia ya majina pia. Kila mara wataalamu walipoona jambo jipya walilipa jina. Mara nyingine jina liliwasaidia kuona mbele, na mara nyingine liliwafumba macho. Sisi tunaotakiwa kuunda istilahi za sayansi kwa Kiswahili hatuna budi kujua ni majina ya namna gani yaliyodumu, na ni ya namna gani yaliyopotosha.

I. Mkono wa tembo na bawa la popo

Neno "mkono" katika Kiswahili lina mapana. Huchukua kiungo chote, toka begani hata ncha za vidole, ingawa sehemu zake zina majina yake zenyewe: kisugudi, kiganja, chanda. Aidha watu husema "mkono wa tembo" kwa maana ya mkonga, na jina hilohilo limepewa aina moja ya ndizi kubwa. Jina hapa limefuata kazi na umbo: tembo hushika kwa mkonga kama mtu ashikavyo kwa mkono. Kwa upande mwingine, hakuna Mswahili aliyeliita bawa la popo mkono, kwa sababu popo haruki kwa kushika.

Elimu ya viumbe ilianza kwa kuupindua mpango huo wa majina. Katika mwaka 1843 Richard Owen, mtaalamu wa maumbile wa Uingereza, alipambanua namna mbili za kufanana: kufanana kwa kazi, na kufanana kwa muundo hata kama kazi ni mbalimbali. Mwaka 1849 alitoa mhadhara mjini London juu ya asili ya viungo, akachapisha kitabu mwaka huohuo. Alionyesha kwamba mkono wa mtu, kiungo cha fuko kichimbacho ardhi, bawa la popo na kasia la nguva, mnyama ajulikanaye sana na wavuvi wa pwani yetu, vyote vina muundo mmoja: mfupa mmoja karibu na bega, kisha mifupa miwili, kisha vifupa vidogo vingi, kisha vidole. Kwa kipimo cha Owen bawa la popo ni mkono hasa, na mkonga wa tembo si mkono hata kidogo, kwa maana hauna mfupa ndani yake.

Owen aliuona muundo huo kuwa kielelezo kilichokusudiwa tangu mwanzo na Muumba. Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1859, aliuona kuwa urithi uliotoka kwa mzazi mmoja wa kale. Hata hivyo wote wawili walizungumza juu ya kiungo kilichokwisha timia. Namna kiumbe kichanga kinavyouchora muundo huo ndani ya yai au tumboni lilikuwa jambo lililowangoja wengine.

II. Chipukizi

Kabla ya kuendelea, neno moja juu ya lugha. Kiumbe kilicho katika siku zake za kwanza kabisa huitwa "kiinitete" katika vitabu vya Kiswahili. Jina hili lafaa, ila mwalimu na aangalie. Katika yai la kuku, "kiini" kwa watu wote ni ile sehemu ya manjano, na manjano hayo ni chakula tu. Kifaranga chatokana na kidoa kidogo cheupe kilicho juu yake. Vilevile neno "kiungo", kutokana na kuunga, lina maana ya mahali mifupa ikutanapo, tena sehemu yoyote ya mwili, tena hata kitu kitiwacho katika mchuzi. Katika makala haya maana yake ni mkono, mguu, bawa au pezi, basi.

Yai la kuku huatamiwa siku 21. Katika siku ya tatu vivimbe viwili viwili hutokea ubavuni mwa kiinitete, viwili vya mabawa na viwili vya miguu. Katika mtu vivimbe vya mikono huonekana yapata wiki ya nne, na vya miguu siku moja au mbili baadaye. Wataalamu waliviita machipukizi, na jina hilo laingia katika Kiswahili bila shida. Chipukizi lina tishu laini ndani na ngozi changa juu, na nchani pake ngozi hiyo huinuka ikafanya kama tuta jembamba. Hakuna mfupa bado, wala kidole. Siku chache baadaye sura yote ya bawa imekwisha chorwa kwa gegedu.

Mchoro huo una pande tatu za kupangwa: toka bega mpaka ncha, toka upande wa gumba mpaka upande wa kidole cha mwisho, na toka mgongo wa mkono mpaka kiganja.

Mmoja wa watu wa mwanzo kulijaribu jambo hili kwa kisu alikuwa Ross Harrison wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Katika kazi aliyoichapisha mwaka 1918 alitumia viinitete vya salamanda. Alipoondoa nusu ya sehemu ambayo ingekuwa mguu wa mbele, nusu iliyobaki haikutoa nusu ya mguu, bali ilitoa mguu mzima. Alipounganisha sehemu mbili, ulitoka mguu mmoja. Basi mwanzoni hakuna seli iliyoandikiwa kuwa kidole fulani; seli hupangwa kwa kuhusiana na jirani zake.

Miaka 30 baadaye, mwaka 1948, John Saunders, Mmarekani, alilikata lile tuta la nchani katika chipukizi la bawa la kuku. Bawa liliendelea kukua, lakini lilikuwa pungufu. Tuta lilipoondolewa mapema, ulipatikana mfupa wa karibu na bega tu. Lilipoondolewa baadaye kidogo, ilipatikana na ile mifupa miwili. Na lilipochelewa kuondolewa, ni ncha za vidole tu zilizokosekana. Kumbe kiungo chajengwa toka bega kwenda ncha, na tuta lile lahitajika muda wote wa ujenzi.

Je, tuta ndilo lenye kuamua kitakachojengwa? Edgar Zwilling alilijibu hilo katika miaka ya 1950 kwa kubadilishana mavazi, tukisema kwa mfano: tishu ya ndani ya mguu akaivika ngozi ya bawa. Ulitoka mguu. Tishu ya ndani ndiyo ijuayo kama ni mguu au bawa. Tuta huihimiza tu kuendelea.

Jaribio lililostaajabisha kuliko yote lilitolewa mwaka 1957 na Saunders pamoja na wenzake. Walichukua tishu ambayo ingekuwa paja la kuku, wakaipandikiza chini ya tuta nchani mwa chipukizi la bawa. Mtu angetazamia paja lililopotea njia, au ncha ya bawa. Havikupatikana. Vilitokea vidole vya mguu, pamoja na makucha yake, mwishoni mwa bawa. Tishu ile ilikumbuka kuwa ni ya mguu, lakini haikukumbuka kuwa ni ya paja. Ilipojikuta nchani ilifanya kile ambacho mguu hufanya nchani.

III. Dawa ya mwaka 1957

Mwaka huohuo, tarehe 1 Oktoba, dawa ya usingizi iitwayo thalidomaidi ilianza kuuzwa katika Ujerumani ya Magharibi, kisha katika nchi nyingine nyingi. Ilisifiwa kuwa salama hata kwa wajawazito, nao waliimeza kwa kutuliza kichefuchefu. Mwishoni mwa mwaka 1961 Widukind Lenz huko Ujerumani na William McBride huko Australia walitangaza, kila mmoja peke yake, kwamba dawa hiyo ndiyo iliyokuwa ikisababisha watoto kuzaliwa na viungo vilivyopungua. Katika Ujerumani iliondolewa sokoni Novemba 1961. Watoto waliodhurika duniani hukadiriwa kuwa zaidi ya 10,000. Marekani iliponea chupuchupu, kwa kuwa Frances Kelsey, mkaguzi wa dawa wa serikali, alikataa kuidhinisha dawa ile bila ushahidi wa kutosha.

Hatari yote ilikuwa katika siku chache, kuanzia yapata siku ya 20 hata siku ya 36 baada ya mimba kutungwa. Kidonge kilichomezwa kabla au baada ya siku hizo hakikuudhuru mkono. Wengi wa watoto hao walikuwa na viganja vilivyokaa karibu na mabega, mifupa mirefu ikiwa mifupi mno au haipo. Matabibu waliipa hali hiyo jina la Kigiriki lenye maana ya kiungo cha sili, mnyama wa baharini mwenye makasia. Jina halikueleza sababu wala namna ya kutokea. Lilimlinganisha mtoto na mnyama, likaishia hapo.

Tangu hapo swali la mpangilio wa viungo halikuwa tena la maabara peke yake. Wazazi walitaka kujua kwa nini kiganja kipo na mkono wa juu haupo, ilhali Saunders alikuwa ameonyesha kwamba chenye kupotea kwanza ni ncha.

IV. Bendera na saa

Mwaka 1968 Saunders na Mary Gasseling walichapisha jaribio jingine. Walichukua kipande kidogo cha tishu katika ukingo wa nyuma wa chipukizi la bawa, upande wa kidole cha mwisho, wakakipandikiza katika ukingo wa mbele. Bawa la kuku lina vidole vitatu, navyo vilihesabiwa 2, 3 na 4. Baada ya upandikizaji vilitokea vidole sita, vikiwa vimepangwa 4-3-2-2-3-4, kama mtu aliyesimama mbele ya kioo. Kipande kile kiliitwa kwa kitendo chake: sehemu yenye kuelekeza pande.

Aliyeyaweka mambo haya katika nadharia moja alikuwa Lewis Wolpert, mzaliwa wa Johannesburg aliyesomea kwanza uhandisi wa majengo, kisha akahamia elimu ya viumbe huko London. Katika makala yake ya mwaka 1969 alitoa mfano wa bendera ya Ufaransa. Bendera iwe kubwa au ndogo, theluthi moja ni buluu, moja nyeupe, moja nyekundu. Kila seli ikijua umbali wake kutoka pembeni, yaweza kuchagua rangi yake. Basi seli hupata kwanza habari ya mahali ilipo, kisha huifasiri habari hiyo kwa kadiri ya asili yake. Hapo lile jaribio la 1957 likafumbuliwa: habari iliyopatikana nchani mwa bawa ilikuwa "uko nchani", na tishu ya paja iliifasiri kwa lugha ya mguu. Msomaji wa mambo ya lugha atatambua mara moja kwamba maneno haya, habari na kufasiri, yameazimwa kwetu.

Kwa upande wa gumba na kidole cha mwisho, Wolpert na wenzake walisema kwamba sehemu yenye kuelekeza pande hutoa kitu ambacho nguvu yake hupungua kwa kadiri ya umbali. Kwa upande wa bega na ncha walitoa mfano mwingine, mwaka 1973: kwamba seli zilizo chini ya tuta zina kama saa ndani yake. Zitokazo mapema hufanya sehemu za karibu na bega, na zikaazo sana hufanya vidole. Mahali hapo wakapaita ukanda wa maendeleo. Na mwaka 1979 walieleza kwa jina hilo hata madhara ya thalidomaidi: seli nyingi zikifa, zilizobaki hukaa muda mrefu zaidi chini ya tuta zikijaza pengo, na kwa hiyo mikono ya juu hukosa seli ilhali vidole hupata. Maelezo hayo yalipendeza, kwa kuwa yalilijibu swali la wazazi.

V. Vitu vyenyewe

Kwa muda mrefu wataalamu walijua matendo bila kuvijua vitu vitendavyo. Mwaka 1982 Cheryll Tickle na wenzake walionyesha kwamba asidi ya retinoiki, iliyo jamaa ya vitamini A, ikiwekwa ukingo wa mbele wa chipukizi huleta vidole maradufu. Ilidhaniwa kwamba ndiyo ishara yenyewe. Mwaka 1993 Robert Riddle, Clifford Tabin na wenzao walionyesha kwamba ishara itolewayo na ile sehemu ya nyuma ni protini ya jeni nyingine. Mwaka huohuo Lee Niswander na wenzake walipata kwamba protini moja ya jamii ya zile zikuzazo seli, iitwayo FGF-4, yaweza kushika nafasi ya tuta lililokatwa. Na mwaka 1995 ilionekana kwamba ushanga uliolowekwa protini za jamii hiyo, ukiwekwa ubavuni mwa kiinitete cha kuku, waotesha kiungo kizima mahali ambapo hapana kiungo.

Ile jeni ya mwaka 1993 yaitwa Sonic hedgehog. Asili ya jina ni hii: mwaka 1980 Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus walieleza jeni ya nzi ambayo ikiharibika buu hujaa miba, wakaiita jina la kalunguyeye. Jeni za jamii hiyo zilipopatikana katika wanyama wenye uti wa mgongo, moja ilipewa jina la kalunguyeye wa mchezo wa kompyuta. Mzaha huo haukudhuru kitu maabarani. Lakini hitilafu za jeni hiyo huleta kasoro kubwa za ubongo na uso kwa watoto, na madaktari wamelalamika kwamba ni vigumu kumtajia mzazi mwenye huzuni jina la mchezo.

Mwaka 2003 Laura Lettice na wenzake walieleza kipande cha urithi kilicho mbali na jeni hiyo, yapata herufi 1,000,000 kando yake, chenye kazi ya kuiwasha katika viungo tu. Herufi moja ikigeuka hapo, ishara yaweza kuwaka hata upande wa mbele, na mtoto akazaliwa na vidole vya ziada upande wa gumba, sawasawa na ilivyotazamiwa kwa jaribio la 1968. Samaki nao wana kipande hicho. Katika nyoka kimeharibika, na mwaka 2016 panya waliowekewa kipande cha nyoka walizaliwa na viungo vilivyodumaa. Hivyo kufanana alikokuona Owen katika mifupa kumepatikana tena katika maagizo yaichorayo mifupa hiyo, tangu pezi hata mkono.

Ile saa ya ukanda wa maendeleo haikuwa na bahati kama hiyo. Mwaka 2002 Andrew Dudley, Marian Ros na Tabin walionyesha kwamba tuta likikatwa, seli za nchani hufa. Upungufu basi hauthibitishi kwamba saa imesimama. Mwaka 2009 jaribio la 1979 lilirudiwa, ikaonekana kwamba seli zilizouawa zilikuwa zile za sehemu za juu zenyewe, zilizokuwa zikianza kukusanyika kuwa gegedu. Mwaka 2011 makundi mawili yalitoa ushahidi kwamba ishara itokayo mwilini na ishara itokayo nchani hushindana katika kupanga urefu wa kiungo. Kuhusu dawa ile yenyewe, mwaka 2010 wataalamu wa Japani walitambua protini ambayo thalidomaidi hujishika nayo, iitwayo sereblon. Na mwaka 2018 ilijulikana kwamba kwa kujishika hivyo huiangamiza protini nyingine, SALL4, ambayo viungo vyaihitaji.

VI. Mafunzo kwa waunda istilahi

Tukiyapanga majina haya, twapata aina nne. Liko jina la mahali, kama tuta la ncha. Liko la kitendo, kama sehemu yenye kuelekeza pande. Liko la nadharia, kama ukanda wa maendeleo. Liko la mzaha. Jina la kitendo lilitangulia kujulikana kwa kitu kwa miaka 25, na kitu kilipopatikana halikuhitaji kubadilishwa hata herufi. Jina la nadharia liliwafanya watu kwa karibu miaka 30 wazungumze juu ya saa kana kwamba imeonekana. Hata tarakimu huweza kuficha nadharia: vidole vya bawa vilivyoitwa 2, 3 na 4 vilitolewa ushahidi mwaka 2011 kwamba ni 1, 2 na 3.

Basi kwa Kiswahili napendekeza hivi. "Chipukizi la kiungo" na "tuta la ncha" yatumike, kwa kuwa ni majina ya kilichoonekana. "Sehemu yenye kuelekeza pande" itumike, kwa kuwa jaribio lake laweza kurudiwa na yeyote. "Ukanda wa maendeleo" usitajwe peke yake, ila daima "nadharia ya ukanda wa maendeleo". Majina ya jeni yabaki kama yalivyo, kama majina ya watu, wala tusiyafasiri kwa kalunguyeye. Na mbele ya mgonjwa jeni itajwe kwa kazi yake, mathalan "jeni inayopanga vidole".

La mwisho lahusu watu. Lugha yetu nayo iliwahi kuwaweka wenye viungo pungufu katika ngeli ya vitu, kwa kusema kilema na kiwete, kama vile Wazungu walivyotumia jina la sili. Leo twasema mtu mwenye ulemavu. Yafaa kamusi za tiba zifuate mwendo huo: zieleze ni sehemu gani ya kiungo iliyopungua, na katika siku zipi za kuumbika, kwa maneno ambayo mzazi aweza kuyasikia pasipo mkalimani. Maneno hayo tunayo tayari. Bega, kisugudi, kiganja na chanda vimekuwako kabla ya maabara, na kwa vinne hivyo mkono wote waweza kuelezwa toka shina hata ncha.